Rupia Isiyonunua Chumvi

Mwanangu, asubuhi umenipigia kutoka machimboni Nyarugusu nikakukatia simu kwa hasira. Sasa nisikilize. Kuna siku moja naikumbuka, nilikuwa bado msichana, hapahapa kijijini kwetu Shinyanga. Kaka yangu Masanja alirudi kutoka machimboni na mgeni aliyefunga rupia moja ya Mjerumani kwenye kitambaa chekundu. Eti ukiiweka kwenye shimo inavuta dhahabu! Bei yake ilikuwa maksai wetu wawili wa kulimia, na mvua zimeshakaribia. Baba, mtu mzima na akili zake, akaenda kufungua zizi.

Bibi yangu aliacha kupepeta mtama, akaomba kuishika ile rupia. Akaenda nayo dukani, akaiweka mezani, akaomba chumvi. Mwenye duka alicheka, akamrudishia. Bibi akarudi na rupia ileile bila chumvi, akasimama mlangoni mwa zizi.

"Nikiwa mdogo hii ilinunua mbuzi," alimwambia baba. "Mjerumani alituletea rupia na sarafu zake ndogo za hela. Mwingereza akamfukuza, akaleta shilingi yake. Waliofukia rupia wakabaki na vyuma. Nawe utalima kwa chuma?"

Baba akalifunga zizi. Mgeni akasema ana haraka, akaondoka na rupia yake. Masanja alinuna mpaka mavuno, lakini mtama wa shamba lililolimwa na maksai wale alikula.

Na wewe uliyesoma unataka niuze mtamba wangu ukanunue rupia ya namna ileile! Nilipokuambia hela halali ni shilingi, ukaniuliza kwa kejeli shilingi maana yake nini. Ni jina la Waingereza, nasi tulipojitawala tukalibakiza, tukabadili sura tu. Nasikia wasomi wao wengine husema ni kipande kilichokatwa, wengine mlio wa chuma. Hawajakubaliana, na hakuna duka lililofungwa kwa sababu hiyo. Hela ni hela kwa kuwa mwenzako anaipokea. Unanichosha, mwanangu, kwa kunifanya niseme jambo ambalo hata muuza nyanya analijua.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu akikuletea hela ya miujiza, mwambie akanunue nayo chumvi kwanza. Usitoe kinachokulisha ukapokea kinachong'aa. Mtamba wangu hauzwi. Ana mimba, na ndama wake wa kwanza nilishasema ni wako, japo leo nimejuta kusema.

Mungu akutoe shimoni salama kila jioni, akurudishe nyumbani unywe maziwa.