Mfunga plasta wa Bunia na taya lisilolia

Saa nne asubuhi, Pétronille Kahambu amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga nje ya Bunia, mikono myeupe kwa unga wa plasta mpaka kwenye viwiko. Mbele yake limelala taya la mnyama wa ukoo wa tembo, aliyekufa kabla ya mtu kuwako duniani. Upande wa mashariki, kwenye ziwa, wingu limekwisha kuwa jeusi. Mvua ikinyesha kabla taya halijatolewa, litasambaratika pamoja na mchanga.

“Pamba kwanza,” anamwambia Anselme, mwalimu wa biolojia aliyemwita. “Leo sitasahau.”

Kwa miaka kumi na tisa Pétronille amefunga plasta miguu iliyovunjika ya watu hospitalini, tisa kwa wiki, mingi ya ajali za pikipiki, mingine ya wachimba dhahabu wa Mongbwalu. Mwezi uliopita Anselme alimwomba afunge pembe ya mnyama huyu, isivunjike ikitolewa ardhini. Kwa haraka, akapaka plasta bila pamba. Plasta ilipotolewa, ilibandua ganda lote. Pembe ikabaki unga.

“Mutu ukimuumiza, anasema ‘aï!’” anaeleza. “Huyu iko kimya tu. Nilimuvunja bila kujua.”

Kabla ya kukubali kurudi, alifanya mazoezi nyumbani kwa mifupa kumi na minne ya ng’ombe.

Yves, mchimba mchanga aliyeshika kamba ya kugeuzia taya, anatania: “Mama Pétro, mugonjwa wako atatembea siku gani?”

“Atatembea mbele yako, weye wa kuongea bila kuvuta.”

Plasta imekwisha kupakwa juu ya pamba tone la kwanza linapoanguka. Pétronille anagonga plasta kwa ukucha. Bado mbichi.

“Mama, mvua iko inakuja!” Anselme anasema.

“Bado, mwalimu.”

Anagonga tena. Sasa inajibu kama kibuyu kikavu.

“Moja, mbili… geuza!”

Taya linageuka. Ndani yake kitu kinalia: ko! Pétronille anapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, kisha anatoa kokoto.

“Iko muzima,” anasema.

Wanalifunika kwa turubai, mvua ikimwagika. Juu ya plasta ya kila mgonjwa, Pétronille huandika tarehe mbili: ya kufunga na ya kufungua. Hapa ameandika moja tu, ya leo.

“Mutu nampa wiki sita. Huyu atangojea mpaka mwalimu apate chumba chenye paa na kufuli, hapa hapa Bunia. Siku hiyo nitafungua miye mwenyewe. Nataka kuona pamba ikitoka peke yake, bila ganda.”