Shavu Langu la Kulia

Niseme mwenyewe kabla wengine hawajanisemea: miaka ile ya sabini, kutoka Kiganjo mpaka Karatina, hapakuwa na mwenye bucha aliyemjua ng'ombe kama mimi. Shule niliiacha darasa la tatu. Lakini ningemzunguka ng'ombe mara moja, nimpapase mbavu, nikuambie kama ana minyoo au muuzaji amemlisha chumvi anywe maji aonekane mnene. Watu waliosoma walikuja kuniuliza. Bucha ilikuwa yangu, ploti yangu, na nyumba niliijenga kwa mawe ya kuchonga.

Basi ugonjwa ulipokuja nilidhani nitaujua vilevile, kwa mkono.

Ulikuja asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao mlima hauonekani na ukungu unalala mpaka saa sita. Nilikuwa nanyoa ndevu. Wembe ulipita kando ya pua, upande wa kulia, na kitu kikanipiga kutoka sikioni hadi kwenye fizi, kama nimeshika waya wa stima. Nilishika ukuta. Kabla sijamwita mke wangu kilikuwa kimeisha, nikajiona mjinga. Jioni kikarudi nikinywa chai. Baada ya mwezi mmoja kilikuja hata nikicheka, hata upepo ukinigusa tu.

Nikaamua ni jino. Nilikwenda kwa mng'oa meno, akagonga moja moja, akasema haoni lililooza. Nikamwambia nimekata nyama miaka ishirini, atanifundisha nini? Nikamwonyesha la kung'oa. Siku nne nilikaa vizuri, nikatangaza buchani ati nimemfundisha mtu kazi yake. Siku ya tano nilipigwa palepale, mahali ambapo hapakuwa na jino tena. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilirudi nikamwonyesha lingine, na baadaye lingine. Niliyatazama kiganjani: meupe, mizizi mizima. Nilijua kabisa hayana ubaya, na bado nikamlaumu yeye.

Zahanati walinidunga sindano ya malaria. Dada yangu alisema nimerogwa na wenye wivu, na nakiri maelezo hayo niliyapenda kuliko yote, maana harogwi asiye na kitu. Mke wangu alinisihi niende Nyeri nikamweleze daktari tangu mwanzo. Nieleze nini? Uvimbe hakuna, damu hakuna, homa hakuna. Ng'ombe akiumwa huonyesha. Mimi nikitazama kioo niliona mwanamume mnene, mwenye afya. Kuna siku nilishuku kwamba najidanganya mwenyewe. Kwa hiyo nikaficha. Nilijifunga skafu nikasema ni baridi, nikala uji na viazi vya kuponda nikasema nyama nimeikinai.

Mwaka uliofuata binti yangu wa kwanza akachumbiwa na watu wa Kianyaga. Desturi yetu, wazazi wa msichana huenda kuliona boma atakakoishi, na wenyeji huwachinjia mbuzi. Nyama hiyo si chakula tu. Ukiikataa, umesema bila kusema kwamba boma halikufai. Binti yangu aliniomba tukiwa njiani nisijisifu. Hao ni watu wa kahawa kidogo, wasije wakajiona wadogo. Nikamwahidi. Alimpenda yule kijana mpaka hata mimi niliona.

Waliniketisha mahali pa heshima, karibu na mlango, niione kahawa yao hadi mtoni. Upepo ulikuwa unaingia. Baba wa kijana alikata ubavu kwa mkono wake akanipa. Nikaushika. Sikusema, kwa sababu kusema pia kulikuwa kunayaita maumivu. Ubavu ukapoa mkononi mwangu.

Mjomba wa kijana akawaambia wenzake, "Mwacheni. Mtu wa bucha amezoea iliyonona. Hii yetu ni ya wanyonge."

Walicheka kidogo. Baba wa kijana hakucheka. "Mkwe," alisema, "kama boma letu limekushinda, useme sasa. Tukomee hapa kabla watoto hawajazoeana zaidi."

Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Hakusogea.

Nilifungua mdomo nijibu, ndipo kikanipiga. Ubavu ukaanguka. Nikashika uso kwa mikono miwili, mate na machozi yakinitoka mbele ya wakwe. Kilipopita, nikajifuta uso.

"Si boma," nikasema. "Ni mimi mgonjwa, mwaka mzima sasa. Siwezi kutafuna. Niliona aibu kusema."

Mama wa kijana, aliyekuwa amefua nguo za wagonjwa hospitalini miaka mingi, akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakunipa pole.

"Inapiga halafu inaacha?"

"Ndiyo, mama."

"Upepo ukikugusa?"

"Hata upepo."

"Hilo si jino." Alisema aliwahi kumwona mwalimu mmoja akishika uso hivyo hivyo, kinywa kikiwa hakina hata jino, kabla daktari hajagundua ni neva.

Mumewe akachukua pande lingine, akalikatakata dogo dogo kama la mtoto anayeachishwa ziwa, akalitia kwenye bakuli la supu. Mimi, niliyewakatia nyama watu wa kata nzima, nilikatiwa nyama. Nikaila upande wa kushoto, polepole, nao wakaningoja mpaka nikamaliza.

Daktari wa Nyeri hakuyagusa meno. Alinipitisha pamba shavuni, nikaruka. Akasema ni neva ya uso, ugonjwa wa watu wachache, na wengi wao hufika kwake wakiwa na mapengo. Neva naijua. Ni ule uzi mweupe ninaouvuta kwenye nyama na kumtupia mbwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ndio husikia uchungu. Vidonge alivyonipa hunilewesha, vinapunguza, haviondoi. Kuna miezi natulia, kuna wiki siwezi kunawa uso.

Binti yangu aliolewa, na sasa ana watoto wawili hukohuko Kianyaga. Nikienda bado najisifu, na yule mjomba bado ananicheka. Ila nikifika tu, mama mkwe wake huchukua kiti cha mlangoni, mahali pa heshima, akakiweka ndani kando ya jiko. Nami nakaa.