Baiskeli Iliyotoka Kisimani Kiplombe

Saa moja asubuhi ukungu bado umeufunika mji wa Eldoret, na Nicholas Murunga ameinamia baiskeli iliyogeuzwa magurudumu juu. Macho ameyafumba. Vidole vyake vinatembea juu ya fremu, vinarudi, vinasimama kwenye tundu dogo lililozibwa na rangi. Anatabasamu. Hii, anasema, ilitengenezwa Italia.

Mwenye baiskeli, mkulima aliyeikuta ghalani kwenye shamba alilonunua na wenzake, anataka kujua amejuaje. Murunga anampa spana na kumwambia afungue nati. Spana inateleza.

"Umeona? Spana ya Mwingereza haishiki nati ya watu wengine."

Kutengeneza baiskeli na kuzisoma ndiyo kazi yake tangu mwaka wa 1946, kwenye baraza la duka la Abdullahi. Wazungu walipoanza kuuza mashamba na kuondoka, waliacha ghalani baiskeli kuukuu zisizo na nembo wala jina. Wanunuzi wanazileta kwake, maana hakuna kipuri kitakachoingia mpaka ijulikane zilitoka nchi gani. Kuisoma baiskeli moja ni shilingi mbili. Wiki nzuri hupata ishirini na nne. Wiki ya mvua, sita.

Murunga hakuingia darasani hata siku moja. Alijifunza akiwa kijana wa kufungua masanduku katika duka la mzungu, akizishika baiskeli mpya kabla ya mafundi wenye vyeti kuziona. Leo wenye vyeti wanapanga foleni mbele yake.

Ana sharti moja: baiskeli isioshwe wala kutiwa mafuta kabla hajaiona. "Mafuta yanafuta maneno," anasema. "Niletee na uchafu wake." Kwa sababu hiyo baraza limejaa vyuma vyenye kutu, na Abdullahi alizoea kumtania kwamba amegeuza duka lake kuwa mochari ya baiskeli.

Tangu mwezi wa nane mwaka huu wa 1972, Abdullahi hasemi tena utani huo.

Mwezi huo wenye hisa wa shamba moja la Kiplombe walikuwa wakisafisha uwanja ili wagawane ploti. Nyuma ya nyumba ya mzungu aliyewauzia shamba, ardhi ilizama chini ya mguu wa mtu. Walipochimba wakakuta kisima cha zamani kilichofukiwa, na futi ishirini chini, baiskeli. Walipoivuta, maji yakabubujika nyuma yake na kuwafukuza.

Kimeli, mmoja wa wenye hisa, aliibeba begani hadi mjini. Mama yake, Chepkorir, alimfuata nyuma. Wateja waliokuwa barazani walisogea mbali, mmoja baada ya mwingine.

Murunga anakumbuka kwamba ile baiskeli ilidondosha tope siku tatu, ingawa aliianika juani. Ngozi ya kiti ilikuwa na umbo la mtu, kana kwamba ameshuka sasa hivi. Siku ya pili kengele iliyojaa kutu ililia mara moja, hakuna aliyeigusa. Abdullahi, aliyekuwa akifagia, alichukua ufagio wake akaingia ndani.

Swali la Chepkorir lilikuwa moja. Mume wake, Kiptoo, alikuwa tarishi wa shamba hilo. Mwaka wa 1949, siku ya mvua kubwa, alitumwa mjini na barua kwa baiskeli ya tajiri wake, na hakurudi. Mzungu alitangaza kwamba Kiptoo ameiba baiskeli na kutorokea Uganda. Kimeli alikuwa mtoto wa mgongoni. Alikua akiitwa mtoto wa mwizi.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja moja, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Aliyekufa amerudi nyumbani. Lakini mtu asiyejulikana kama amekufa hatajwi. Wajukuu wawili walizaliwa, na mara zote mbili jina la Kiptoo lilirukwa. Sasa mke wa Kimeli alikuwa karibu kujifungua tena.

"Fundi, mimi sitaki kufarijiwa," Chepkorir alimwambia. "Niambie tu kama ni ile."

Murunga aliisoma. Matundu ya nembo, nati, breki ya mbele inayokandamiza tairi kutoka juu: ya Wajerumani, iliyopitia Tanganyika. Uma wa mbele ulikuwa umepinda kurudi nyuma. Iligonga kitu kigumu kwa kasi. Pedali ya kushoto ililika ukingo wa nje peke yake. Alimuuliza mama yule mume wake alikanyaga vipi. Chepkorir alisimama, akaugeuza mguu wake wa kushoto kuelekea nje, akatembea hatua nne barazani. Kimeli aliangalia pembeni.

Hayo yalitosha. Lakini Murunga hakuyasema, maana vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye breki. Chini ya tope palikuwa na kipande cha ngozi kilichoshikwa na misumari mitatu ya shaba, ya kutoka kwenye hatamu za farasi. Shaba haikuwa imeoza. Katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyefunga breki kwa misumari ile, na mtu huyo ni yeye.

Aliwaambia warudi baada ya siku tatu. Siku hizo, anasema, alimkumbuka kijana aliyelowa mvua mwaka ule wa 1949, aliyekuja akisema breki haishiki. Mpira wa breki haukuwepo dukani. Alimkatia ngozi, akijua kwamba ngozi ikilowa inateleza, na akamwambia itamfikisha nyumbani.

Waliporudi, alimwambia Chepkorir yote: kwamba baiskeli ni ile, kwamba Kiptoo alikuwa akirudi, breki ikateleza, akagonga ukingo wa kisima na kutumbukia, mpaka hilo la ngozi. Kimeli alisimama, ngumi amezikunja. Mama yake akamshika shati.

"Alikulipa?" aliuliza.

"Hakuwa na pesa. Alinipa mayai manne."

"Hayo mayai nilimfungia mimi, akauze anunue chumvi," Chepkorir alisema. "Kimeli, kaa chini. Mtu anayetoroka na baiskeli ya mzungu hatoi chumvi ya nyumba yake kutengeneza breki ya huyo mzungu."

Kisha akamwomba fundi ayarudie maneno hayo mbele ya mkutano wa wenye hisa, palepale kando ya kisima. Murunga alienda. Aliyasema yote, la ngozi pia. Wazee waliowahi kumcheka Kimeli waliinamisha vichwa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa. Yalitajwa majina sita, mtoto amelala tu. Chepkorir alipolitaja la Kiptoo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitatu, mtoto alipiga chafya kabla hajalimaliza.

Wiki iliyopita Chepkorir alimleta barazani. Alifunua blanketi mbele ya Murunga. Mguu wa kushoto wa mtoto ulikuwa umegeuka nje.

Mwezi wa kwanza, maji yakishuka, wenye hisa watachimba tena kuitafuta mifupa ya Kiptoo, na Murunga ameahidi kuwa wa kwanza kushuka na jembe. Baiskeli ameshaanza kuitengeneza. Ameunyoosha uma, na mpira wa breki ameuagiza Nairobi. Kila kitu kitakuwa kipya, isipokuwa pedali ya kushoto. Hiyo amegoma kuigusa.

"Huyo mtoto akifika miaka kumi nitakuwa mzee," anasema, akiupapasa ule ukingo uliolika. "Lakini breki nitaifunga mimi mwenyewe. Pedali ataikuta inamfaa."