Viti Viwili vya Tata Wakonyo

Kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la Makongeni, Thika, tata Wakonyo huchukua viti viwili vya plastiki, hupachika kimoja ndani ya kingine, huvikandamiza mara mbili kwa viganja, kisha huketi. Kazi yake ni kukodisha viti, mahema na leso za sherehe. Ana viti mia tatu vilivyopangwa kama minara hadi karibu na dari, na hakuna hata kimoja anachokiamini kikiwa peke yake. Mwaka juzi kiti kilimvunjikia kanisani katikati ya maombi. Mchungaji aliendelea kuomba, lakini wanakwaya walishindwa kujizuia.

Ni dada mdogo wa baba yangu, mwenye miaka arobaini na mbili. Alipoolewa na Gachau, watu walimwambia amenona, na ilikuwa sifa: ndoa imemkubali. Miaka ikapita, mtoto wao Byron akazaliwa, na neno lile lile likawa mzaha. Tata alicheka pamoja nao. Alikuwa wa kwanza kujitania, ili wengine wasipate nafasi.

Mwaka huu magoti yakaanza kumkatalia. Sukari nayo ikapanda. Alienda kliniki moja ya Ruiru, na daktari akamweleza kuhusu mshipi mdogo wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, ili mtu ashibe kwa chakula kidogo. Aliporudi nyumbani alifanya kosa moja. Aliwaambia watu.

Wale wale waliomcheka miaka yote wakageuka kuwa walinzi wa mwili wake. Mama Ciku, dada yake mkubwa, alimwambia, "Mwili ni wa Mungu. Huwezi enda kufungwa tumbo kama gunia ya viazi." Akina mama wa kanisa walimwonya kwamba akikonda ghafla itasemwa ana ugonjwa. Gachau alisema, "Na mimi watasema nimekunyima chakula." Alipoona hilo halijafaulu, akalainisha sauti: "Mama Byron, mimi nakupenda hivyo ulivyo. Unaenda kukatwa ya nini?"

Hilo ndilo lililomshika. Kliniki ilikuwa imempangia Jumatano kumwona daktari mara ya mwisho kabla ya upasuaji, na ilimtaka aje na mtu wa kumwangalia wakati wa kupona. Jumatatu ya wiki iliyotangulia alinipigia simu kuniambia kwamba pengine ataacha. "Mume wangu amesema ananipenda hivi," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya msichana.

Jumamosi ilikuwa ruracio ya Ciku, sherehe ya kuleta mahari, huko Kalimoni. Wanaojua ruracio wanajua sehemu ambayo watu huingoja: wasichana na wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, hupangwa mstari, na bwana harusi hutakiwa kumtambua wake. Akikosea hutozwa faini ya mbuzi. Mama Ciku alimvuta tata kutoka kwenye viti vyake viwili. "Kuja usimame katikati, uchangamshe watu." Ilikuwa ruracio ya nne yeye kuwekwa hapo katikati. Leso aliyofunikwa ilikuwa yake mwenyewe, ya kukodisha.

Maikrofoni ilikuwa kwa anko Kagwe, mshereheshaji wa siku hiyo. Dismas, bwana harusi, alipita polepole akichungulia miguu. "Huyu wa kwanza ni fito," Kagwe alisema. "Wa pili anapumua kama mtu ana deni." Watu wakacheka. Dismas alipofika kwa tata, Kagwe alinyamaza kidogo, kama anayetafuna kitu kitamu. "Huyu, kijana wetu, ukimchagua usikuje na Probox. Kuja na lori."

Hema lote liliangua kicheko.

Chini ya leso mtu haoni, lakini anasikia. Tata aliniambia baadaye kwamba kicheko cha watu wengi ni kama mvua kwenye mabati, huwezi kujua tone gani limeanguka wapi. Lakini kicheko cha Gachau anakijua. Huanza kwa kikohozi, halafu huvuta pumzi kama pampu ya baiskeli. Alikisikia upande wa kushoto, karibu kabisa.

Akajifunua. Hakuitupa leso. Aliikunja, pembe kwa pembe, akaiweka mkononi.

"Baba Byron, umecheka nini?"

"Ah, Mama Byron. Ni mchezo tu. Si kila mtu amecheka?"

"Sijauliza kila mtu."

"Basi kaa chini. Unaharibia watoto siku yao."

"Nikae wapi? Viti zote hapa ni zangu, na hakuna moja inaweza kunibeba. Si hiyo ndiyo inachekesha?" Hakupaza sauti. Kagwe alikuwa amesahau kuizima maikrofoni, na kila neno lilisikika hadi jikoni. "Juzi umeniambia unanipenda hivi nilivyo. Hivi nilivyo ndiyo hii lori?"

Mama Ciku akaanza kuimba ili kufunika aibu, akaimba peke yake.

"Pole, mama," Dismas alisema kwa sauti ya chini.

Tata alimtazama. "Wewe hujanikosea. Ciku ni yule wa mwisho, mwenye kucha nyekundu."

Mama Ciku alishika kichwa. Mbuzi wa faini alikuwa amekwenda hivyo. Tata alitoka hemani, akanikuta karibu na lango, akaniuliza kama Jumatano nina kazi.

Gachau alimwomba msamaha Jumapili, baada ya ibada. Alisema alicheka kwa sababu watu walicheka. Tata alisema afadhali angenyamaza, maana sasa anajua ameolewa na umati.

Jumatano tulikutana Ruiru. Kliniki iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti. Sijui nani aliwaza kuwaweka wagonjwa wa magoti huko juu. Tata alipumzika mara tatu, na kila aliposimama alitazama ukuta, asitake kunitazama.

Daktari Akello hakumficha kitu. Atakula kidogo na kutafuna sana, na akiharakisha atatapika. Atarudi kila mara mshipi ukazwe au ulegezwe, kwa miaka. Huenda ukateleza na kulazimika kutolewa, na madaktari wengi siku hizi hupendelea kupunguza mfuko wa tumbo wenyewe. Kisha aliuliza mume yuko wapi. Tata alimsimulia habari za lori bila kuruka neno. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Usifanye kwa hasira, mama," alisema. "Hasira itaisha, na mshipi utakuwa bado ndani."

Alimpa fomu, akatuambia tukae nje tufikirie. Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi la mbao, pana, la aina ya zamani. Tata alilikandamiza mara mbili, akaketi. Fomu ilikuwa mapajani na kalamu mkononi, na kalamu haikusogea.

Nilikuwa nimewasikia wote wakimwambia: dada yake, mumewe, akina mama wa kanisa, sasa na daktari. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Nilijaribu kukumbuka kama kuna aliyemuuliza lake yeye.

"Tata," nikasema, "wewe mwenyewe unataka?"

Alisugua goti kwa kiganja.

"Nataka," alisema. "Magoti yananiuma. Nilitaka hata kabla hawajacheka."