Kutoka Kawempe Kutafuta Chakula Kilichopikwa

Niliondoka Kawempe, mtaa wa Kampala, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, begi mgongoni, bila kujua naelekea wapi. Sababu ya kuondoka niliijua vizuri. Ijumaa iliyotangulia, muuguzi wa zahanati ya karibu alinichoma kidole, akatazama kimashine chake, kisha akanitazama mimi.

"Wewe unakula nini kila siku?"

Nilimweleza. Nilikuwa mpakiaji katika ghala la bidhaa za dukani, na ghala lile lilikuwa na desturi yake: katoni ikianguka ikapasuka, vilivyomo ni vya wapakiaji. Tambi za pakiti, biskuti, soseji za kopo, juisi ya unga, soda zilizobonyea chupa. Kwa karibu miaka miwili sikununua chakula. Ninyi mlio nyumbani Kenya mnakumbuka nilivyojisifu kwenye simu kwamba Kampala nakula bure.

"Na usiku nakojoa mara nne, mara tano," nikamwambia. "Na hiki kidonda cha mguu kimekataa kupona."

"Sukari imepanda," akasema. "Haijafika mahali pa dawa, lakini iko kwa mlango. Hii chakula ya pakiti, sista yako nikuambie, ni kama mtu mwingine amekutafunia. Inashuka mbio, sukari inajaa kwa damu, halafu saa moja tu unasikia njaa tena. Kula mboga, maharage, wimbi, samaki. Kitu ambayo ukiiona unajua ilikuwa mti ama mnyama gani. Miezi mitatu urudi nipime. Ikikataa kushuka, tutaanza dawa."

"Kwetu ndivyo tulivyokula."

"Basi kula kama kwenu."

Jumapili nilimpigia dada yangu Nafula, nikamwambia nataka kuja nikae miezi mitatu, nile mrenda na kunde mpaka damu itulie. 

"Kaka, mrenda nani atachuma? Shamba lote ni miwa, imefika hadi dirishani. Watoto wangu asubuhi ni mkate, jioni ni tambi za pakiti. Ukija, njoo na katoni."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Baada ya simu hiyo nilikaa kitandani nikimwona mama, kama alivyokuwa nilipokuwa mdogo. Ana kopo lililotobolewa matundu chini, ndani yake majivu ya maganda ya ndizi. Anamimina maji taratibu, yanadondoka chini yakiwa na rangi ya chai. Yale maji ndiyo aliyopikia kunde, zikalainika na kupata ile ladha ambayo chumvi ya dukani haina. Mama hayupo tena, na sikuwahi kumwuliza ni majivu kiasi gani kwa maji kiasi gani. Niliacha shule darasa la sita kwa kufuata lori la miwa nione linaishia wapi, na tangu hapo nimeuliza watu maswali ya kila aina, isipokuwa hilo.

Nikikaa ghalani nitakula katoni. Nikienda nyumbani nitaikuta imenitangulia. Kwa hiyo nilitoka tu.

Saa moja asubuhi nilikuwa Kalerwe, ambako vyakula vya vijijini hushushwa. Mikungu ya matoke imelazwa chini kama watu waliochoka, viazi vitamu bado vina udongo, mboga za majani zimefungwa mafungu makubwa na kunyunyiziwa maji. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikitamani kila kitu. Halafu nikajiuliza: nitanunua fungu la mboga nipeleke wapi? Sina jiko, sina sufuria, sina mtu wa kula naye. Wanunuzi wote walionunua pale walikuwa wakinunulia nyumba. Chakula cha mtu mmoja anayepita kilikuwa ng'ambo ya barabara, dukani, ndani ya nailoni.

Saa tatu nilifika Nakivubo. Katikati ya kelele za maduka na teksi nikamwona mwanamume mnene ameketi nyuma ya ndizi mbichi, bei yake nafuu kuliko zote nilizopita. Nikaonyesha chana moja.

"Munakamua nyumbani?" akaniuliza.

Sikuelewa anauliza nini, na sikutaka aone kwamba sielewi. "Ndiyo, tunakamua."

"Kale, sawa, lafiki yangu. Hii ni nzuri sana kwa hiyo."

Nikaondoka na chana yangu mkononi, nikijiona nimeanza maisha mapya.

Kutoka hapo nilishika barabara ya kusini, kwa sababu nilisikia kwamba inaishia ziwani, nami napenda kuona mambo yanapoishia. Adhuhuri ilinikuta Kabalagala. Harufu ya kuku na viazi vya kukaanga ilitoka kila mlango, na miguu yangu ikapunguza mwendo yenyewe. Nataka niseme ukweli: niliingia mahali pamoja, nikasimama mbele ya friji ya soda na kuushika mlango wake. Baridi ikaniingia vidoleni. Kiu ya sukari si kiu ya kawaida, ukinywa ndiyo inazidi. Nikaomba maji. Msichana wa kaunta akanipa, akatazama ndizi zangu, akacheka na mwenzake. Sikujua kwa nini.

Kansanga, kisha Bunga. Kidonda kikaanza kupiga kama moyo. Nilipumzika mara tatu.

Saa tisa nilifika Ggaba. Boti zilikuwa zimevutwa ufuoni, wanawake wakipanga sangara na sato mezani, makondakta wakiita abiria wa mjini. Nikawauliza watu wawili habari ya chumba, wakanielekeza nyuma ya soko, kwenye safu ya vyumba vya kupanga vyenye baraza moja ndefu. Pale barazani alikaa mama mrefu, mweusi, mwenye mvi, ungo mapajani. Alikuwa akichambua majani ya kunde.

"Habari ya mchana, mama."

"Mzuri. Wewe ni Mkenya."

"Umejuaje?"

"Swahili yako imevaa tai." Hakuinua macho. "Yangu ni ya kambi. Mzee wangu alikuwa polisi, tulitoka naye kaskazini, tukazunguka kambi zote. Unataka chumba?"

Nikasema nataka, na kama adabu ya kwetu inavyotaka, nikamkabidhi ndizi zangu. Akavunja moja, akatazama utomvu, akaanza kucheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Lamunu, kuja uone. Mwanaume ameleta pombe kwa mjane, mchana."

Binti yake akatoka ndani, bado na sare ya polisi, akashika kiuno. "Hii ni mbidde, ssebo. Ni ya kukamua pombe. Ukipika, ulimi itakunjika. Ulitaka kuoa mama ama kumlewesha?"

"Nilitaka kula vizuri," nikasema, na sijui kwa nini sauti ilinitoka vibaya. Nikawaeleza yote, ghala, kidole, miezi mitatu, simu ya Nafula. Kicheko kikaisha.

"Mzee wangu alikuwa na hiyo sukari," yule mama akasema. "Alipostaafu alipenda soda na mkate mweupe. Alisema ni chakula ya mtu aliyepumzika. Walimkata kidole cha mguu, ndio akakubali nimpikie. Tulikuwa tumechelewa." Akasogeza ungo katikati yetu. "Keti. Majani huku, vijiti huku. Na maganda ya hiyo pombe yako usitupe. Tutakausha, tuchome, tupate maji ya chumvi."

Mkono wangu ukasimama kwenye kunde. "Majivu kiasi gani, mama?"

"Unajaza kopo, unashindilia. Maji kidogo kidogo. Yale ya kwanza ndiyo makali, hayo ya pili ndiyo ya kupikia. Kwenu hamjui?"

"Mama alijua."

Tukaendelea kuchambua. Ungo uliojaa hadi juu ulitoa majani ambayo, yalipoingia kwenye sufuria, yalinywea yakawa kiganja. Akamimina yale maji ya rangi ya chai kutoka kwenye chupa aliyokuwa nayo, kisha karanga zilizosagwa. Saa kumi na moja tukala sisi watatu, ugali wa wimbi kidogo, kunde nyingi, kipande cha samaki. Ilinibidi nitafune. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula ni kazi ya meno. Nilikula polepole, nikashiba kabla sijamaliza, na shibe ile ikakaa. Nilimkumbuka mama yangu.

Nilipomaliza nikauliza habari ya chumba na kama naweza kula hapo kila siku.

"Chumba, bei ni ya watu wote," akasema mama. "Chakula ni kitu ingine. Mimi sina hoteli. Anayekula anachambua. Saa tisa unakaa hapa na ungo. Leo uko, kesho uko, kesho kutwa uko. Siku moja ukienda kutembea, nami nikuwekee sahani, itakuwa imeisha kati yetu. Nimewekea mtu sahani miaka mingi, akiwa kazini, akiwa wapi. Sitaki tena."

Lamunu akaanza kukusanya vyombo. "Mimi naenda sokoni asubuhi, kabla ya zamu," akasema. "Ninunue kunde ya watu wawili ama watatu?"

Huko chini teksi zilikuwa zikijaa, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kisiwa ambacho sijawahi kufika. Nimeishi Eldoret, Mbale, Jinja, Kawempe, na pote huko hakuna aliyewahi kujua kesho nitakuwa wapi, hata mimi. Pakiti inamfaa mtu wa namna hiyo. Haimsubiri, wala haiharibiki asiporudi. Kunde zinataka mtu awepo.

"Watatu," nikasema.

"Saa tisa," akasema mama.

"Saa tisa nitakuwa nimeketi hapa."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. Ndipo akaingia ndani kunitafutia ufunguo.