Ekseli ya Mbele

Sijawahi kuupa uvumi kiti nyumbani kwangu. Katika miaka ile ya wakimbizi ulienea Ngara kwa kasi kuliko malori ya chakula: asubuhi mpaka umefungwa, mchana umefunguliwa, jioni fulani amejenga ghorofa Mwanza kwa mahindi ya msaada. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu wa Keza, nilishika kanuni moja. Nisiloliona kwa macho yangu silisemi, na nisiloulizwa silijibu. Kanuni hiyo nusura imkoseshe mwanangu mke.

Mhandisi wa kigeni aliyekuwa amepanga chumba kwangu, akichimba visima kambini, alimaliza mkataba wake akaniachia boksi lenye picha ya lori la matairi kumi. Ndani mlikuwa na vipande vingi vya plastiki, vimeshikamana kwenye vijiti kama ndizi changa mkunguni, pamoja na gundi na karatasi ya maelekezo. Kazi ilikuwa kukata kila kipande, kukisugua kwa msasa na kukigandisha mahali pake, hadi lipatikane lori kamili lenye urefu wa kiwiko hadi kiganja.

Mke wangu aliuliza litabeba nini. Nikamjibu kwamba halitabeba kitu.

"Hata mbuzi wako hawabebi kitu," alisema, "lakini angalau wanaliwa."

Niliifanyia kazi hiyo stoo, mlango umefungwa kwa sababu ya kuku na vumbi. Panya walikuwa wamekwisha kula nusu ya maelekezo, ile hasa iliyohusu uvungu wa lori. Nikaenda Lusahunga, mahali ambapo madereva husimama kula, nikawauliza bomba la moshi hupita wapi. Mmoja aliapa kwamba hupita kushoto, wa pili kulia, wa tatu akasema lake lilidondoka zamani na hajaona tofauti. Nikaachana na masimulizi. Nililala chali chini ya lori lililoegeshwa, nikatazama mwenyewe. Nilifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara nilirudi Keza nikiwa na grisi hadi kwenye masharubu.

Jirani yangu, katekista wa parokia, ndiye aliyekuwa mshenga wa mwanangu kwa binti mmoja wa Nyabusozi, kule Biharamulo. Ni mtu mwema, ila kinywa chake hakina komeo. Siku moja alinisimamisha njiani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona grisi?"

"Marahaba. Nilikuwa chini ya lori."

"Kwa umri huo! Unatafuta nini huko?"

"Naunda langu. Nilitaka kujua bomba la moshi linapita wapi."

"Lako? La matairi mangapi?"

"Kumi. Jana nimefunga gia boksi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Yesu na Maria! Haikukulemea?"

"Ilinisumbua. Vidole vyangu ni vinene."

Alivitazama vidole vyangu kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa mimi mwenyewe. Miaka ile watu waliokota vyuma vya malori mabovu, wakaviunganisha na kutajirika kwa kubeba mizigo ya kambini, kwa hiyo hakuona ajabu. Ukubwa wa lori hakuuliza.

Baada ya wiki chache alirudi kutoka Nyabusozi akiwa anameremeta.

"Mahari wamekubali kama tulivyopanga, Mwalimu. Hawakuongeza hata ndama. Wana ombi moja tu dogo: siku ya harusi lori lako likawachukue."

Nikaketi. "Uliwaambia nini?"

"Ulichoniambia wewe. Neno kwa neno."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mkwe ametangaza kanisani," aliendelea. "Ukoo mzima unakuja. Hata ndugu yake aliyegombania naye shamba miaka yote, lori limewapatanisha."

Nikamwingiza stoo. Alisimama mbele ya meza, akaanza kuhesabu matairi kwa kidole.

"Kumi," alisema kwa sauti ya chini. "Na gia boksi?"

"Imo ndani. Haionekani."

"Mwalimu, mimi nilishika rozari nikaapa!"

Mwanangu, bwana harusi, alikuwa ametufuata. Alikaa juu ya gunia la maharage, kichwa mikononi. "Baba, wakiona tumewadanganya, binti hawanipi."

"Hakuna aliyedanganywa."

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

Nikaenda, na nikachukua ushahidi. Mimi na katekista tulipanda basi hadi Lusahunga, tukaazima baiskeli, tukalifunga boksi kwenye keria. Njiani gurudumu lilipiga jiwe, na nikasikia ndani ya boksi kitu kikilia *ta!* Sikufungua. Nilikuwa na mashaka ya kutosha.

Nyabusozi tulikuta uwanja umejaa watu waliokuja kumwona mwenye lori. Bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza kama beberu wake ataruhusiwa kupanda, kwa kuwa hazoei watu wengine. Nikamwomba baba wa binti tuzungumze chumbani, sisi watatu. Nikaweka boksi kitandani, nikalifungua. Ekseli ya mbele ilikuwa imekatika vipande viwili, na matairi yake yamelala chali.

Baba mkwe, mtu mkubwa wa mwili, aliinama kama anayetazama kisimani.

"Mkwe, hiki ni nini?"

"Ni lori langu. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ni refu kuliko hivi."

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisikiliza nyimbo zilizoanza kule uwanjani, jasho likamtoka.

"Nimetangaza kanisani," alinong'ona. "Mara mbili. Funga boksi hilo. Toka ukawaambie limeibwa."

"Halikuibwa."

"Limeungua, basi!"

"Halikuungua. Mimi sisemi uongo, mkwe, hata kwa ajili ya harusi."

"Mwalimu," katekista alisihi, "mfikirie kijana."

Nilikuwa namfikiria. Nilimwona juu ya gunia lake la maharage. Lakini mtu aliyefundisha somo la maadili tangu ujana wake hawezi kuanza kuzua moto uzeeni.

Baba mkwe alinitazama, akalitazama lori, akashusha pumzi. "Basi sema ukweli. Ila uuchague."

Nikatoka nje. Nyimbo zikanyamaza.

"Ndugu zangu," nikasema, "lori langu limevunjika ekseli ya mbele tukiwa njiani kuja hapa. Ekseli ya namna ile haiuzwi popote katika nchi hii."

Hakuna hakimu ambaye angepata doa katika maneno hayo. Watu waliguna kama waliopata habari ya msiba. Bibi mwenye beberu alinipa pole akishika kiuno.

"Mmeliacha wapi, mzee?" kijana mmoja akauliza.

"Mahali salama. Ndani."

"Mwacheni mkwe wangu," baba wa binti aliingilia kwa haraka. "Hamwoni ana uchungu? Leteni pombe ya ndizi."

Harusi ilifungwa. Waliotosha kwenye basi walikuja kwa basi, mwanangu akapata mke, na beberu alibaki Nyabusozi.

Muda si mrefu baadaye lori moja lilisimama mbele ya nyumba yangu. Wanaume wanne waliteremsha chuma kirefu, kizito, kilichojaa kutu. Dereva akanisalimu akaeleza kwamba wakwe zangu walinihurumia, wakachanga, wakawazungukia mafundi wote wa Lusahunga.

"Wanasema, mzee, ulikosea. Ekseli zipo nchini, ni kutafuta tu."

Sikukosea, lakini nilishukuru. Ekseli hiyo iko uani hadi leo. Ndiyo tunayofungia mbuzi. Wakwe wakija kuwaona wajukuu huipitia kwanza, huigonga kwa fimbo, kisha huniuliza kama imeshaingia kwenye lori. Huwajibu kwamba haikuingia, ni kubwa.

"Kubwa kidogo?"

"Kubwa sana."

Hutikisa vichwa, hunipa pole, tukaingia ndani kula. Kubwa kwa kiasi gani, hakuna aliyewahi kuuliza.