Ekari Nane za Baba

Siku tulipomuaga binamu yangu aende chuo kikuu, alipewa firigisi. Mimi nilipewa shingo.

Asiyetoka kwetu ataona ni jambo dogo. Lakini kwetu, karibu na soko la Shianda, kuku akichinjwa firigisi huwa na mwenyewe hata kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka. Ni ya mzee wa boma, au ya mgeni wa kiume wa heshima. Mama amepika kuku, ingokho kwa lugha yetu, maisha yake yote na hajui firigisi ina ladha gani. Sasa siku hiyo, mbele ya umati, baba mdogo alisimama na sahani, akaipita safu nzima ya wazee waliovaa makoti, akaiweka mbele ya binti yake wa miaka kumi na tisa. "Leo mzee ni huyu," akasema. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kama mtu anayeua mbu.

Wivu wangu una historia, kwa hivyo niuanze mwanzo.

Mimi na binamu yangu tulizaliwa mwezi mmoja, katika boma moja, nyumba zetu zikitenganishwa na ua wa michongoma wenye tundu moja la kupitia. Babake huwatembeza wageni msituni Isecheno, akiwaonyesha ndege na nyani, na mwisho wa wiki hurudi nyumbani na darubini shingoni, kana kwamba kuna ndege yeyote Shianda ambaye hatujawahi kumwona. Nyumba yao ina vigae sakafuni. Babangu analima miwa kwenye ekari moja ya kukodi na siku za soko anatengeneza baiskeli. Nyumba yetu ni ya udongo uliopakwa simiti, na simiti yenyewe inabanduka upande wa mvua.

Tofauti nyingine ni kwamba binamu yangu hupenda kwenda, mimi hupenda kukaa. Kisumu nimefika mara mbili, na mara zote mbili nilirudi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilipenda kompyuta. Shuleni kulikuwa na chumba cha kompyuta ambazo nusu zilikuwa zimekufa, na kufikia kidato cha tatu mwalimu alikuwa ameniachia ufunguo. Nilijua ipi inataka kupigwa kofi ubavuni na ipi inataka kubembelezwa. Nikaona hii ndiyo kazi ya mtu kama mimi: unafika mbali bila kuinuka kitini. Sayansi ya kompyuta ndiyo kozi niliyoitaka, na alama zangu zilitosha.

Binamu yangu alitaka uuguzi. Siku ya kuchagua kozi alikuja na simu yake nimsaidie.

"Wewe umejaza nini?"

"Sayansi ya kompyuta."

"Hiyo inalipanga?"

"Inalipa sana."

"Basi niwekee hapo chini ya uuguzi. Nafasi isibaki wazi tu."

Nikamwekea. Kwa vidole vyangu mwenyewe. Uuguzi akaukosa, na akaitwa sayansi ya kompyuta, chuo kile kile nilichoitwa mimi. Hiyo ingetosha kunikosesha usingizi, lakini kulikuwa na fomu nyingine.

Ilikuwa fomu ya kuomba ufadhili na mkopo wa serikali. Ukionekana huna, ufadhili unakuwa mkubwa na mkopo mdogo. Ukionekana unazo, mambo yanageuka. Tulienda kuijaza kwenye saiba moja mjini Kakamega, tukakaa kompyuta mbili zinazopakana, viwiko vikigusana. Njiani alikuwa ameniambia, "Baba amesema atanitafutia chumba chenye maji ndani kabisa. Nyinyi mnapanga aje?" Jibu nililibeba hadi kwenye kiti.

Fomu ikaniuliza mzazi ana shamba la ukubwa gani. Nikaona kwa pembe ya jicho kwamba binamu yangu anaitazama skrini yangu. Vidole vyangu vikaandika: ekari nane.

Baada ya hapo haikuwezekana kurudi nyuma. Mtu wa ekari nane hakai nyumba ya udongo, kwa hivyo nikaweka ya mawe. Kazi yake nikaweka mfanyabiashara. Mapato yake ya mwezi nikaandika kiasi ambacho babangu hajawahi kukiona hata gazetini. Kisha nikaigeuza skrini kidogo kulia, binamu yangu asisumbuke kunyoosha shingo.

"Kumbe!" akasema. Akarudi kwenye yake, akaandika polepole, ameinamisha kichwa. Sikuangalia anaandika nini. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwa tajiri.

Mwenye saiba alipochapisha karatasi yangu aliisoma, akaniangalia kuanzia kichwani hadi ndara. "Msichana, na hii mali yote bado unakujanga kulipia dakika kwangu? Si mniambie tu bei, mnunue hii saiba?"

Majibu yalipotoka, binamu yangu alikuwa amepata ufadhili mkubwa na mkopo mdogo. Mimi nilipata kinyume. Kufikia siku ya kuvaa joho ningekuwa nadaiwa zaidi ya laki tano, na bado kulikuwa na sehemu ambayo babangu, mfanyabiashara mashuhuri, alitarajiwa kuitoa mfukoni.

Mama hupima dunia yote kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili la kupimia mahindi sokoni. Nilipomtajia deni alianza kuhesabu, midomo ikicheza, kisha akaacha. "Hayo mahindi yangeletwa hapa," akasema, "sisi tungelala wapi?"

Baba akaomba hiyo karatasi. Akavaa miwani yake ya kununua sokoni, akasoma kila mstari kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Ekari nane. Nyumba ya mawe. Mfanyabiashara. Nilisubiri anigombeze. Badala yake aliivua miwani akaipangusa kwa shati.

"Huyu mzee ningependa kukutana naye," akasema. "Nimwombe kazi."

Mama alicheka hadi akaegemea mlango. Mimi nilitaka sakafu inimeze, lakini hata sakafu yetu haina nafasi.

Kulikuwa na njia ya kukata rufaa. Ilihitaji barua ya chifu, na mzazi aeleze mbele yake ana nini hasa. Mama akasema hilo ni jambo la asubuhi moja tu. Baba akaikunja karatasi mara nne.

"Mimi na chifu tulitahiriwa msimu mmoja. Nikasimame mbele yake niseme ekari nane ni moja, na hiyo moja ni ya kukodi?"

"Si ndiyo kweli?" mama akauliza.

"Kweli anaijua. Lakini sijawahi kumwambia."

Hapo nikajua ugonjwa wangu niliutoa wapi. Ningemlazimishaje, na mimi ndiye niliyempa utajiri kwa sababu ya kiwiko cha binamu?

Zilibaki wiki tatu kabla ya kuripoti chuoni. Nikaanza kupima. Upande mmoja niliweka kozi, ile niliyoiota tangu nipewe ufunguo. Upande wa pili nikaweka deni. Kuna jirani yetu aliyehitimu, sasa ni mtu wa bodaboda. Ujumbe wa kumkumbusha mkopo humfikia akiwa stejini, na yeye huusoma kwa sauti ili abiria wacheke. Mimi pia niliwahi kucheka. Sasa nilijiona niko pale, ila mimi hata bodaboda siwezi kuendesha.

"Kuna kile chuo cha ufundi hapa karibu," mama akasema. "Stashahada pia ni kisomo. Na utakuwa unarudi kula nyumbani."

Nilipenda hilo neno nyumbani kuliko ilivyostahili. Wakati huo niliwaambia watu kwamba naogopa deni, na ni kweli niliogopa. Lakini nikipima, kulikuwa na kidole changu kimoja kinachokandamiza upande wa deni kisirisiri: kitanda changu, ugali wa mama, ule tunaouita obusuma, ukiwa bado na moshi, tundu la michongoma. Na kidole cha pili, kibaya zaidi, kilikuwa binamu yangu. Nilijiona nimekaa naye darasa moja, mwalimu mmoja, kiti kile kile, yeye akilipa kidogo na mimi nikilipa maradufu, kwa kozi niliyomwandikia mwenyewe ili nafasi isibaki wazi. Siku ya mwisho ya kuripoti ilinikuta nikipukuchua mahindi. Nikaendelea kupukuchua.

Kwa kina binamu yangu wakachinja kuku.

Baada ya makofi na hotuba nilijificha jikoni kwetu. Binamu yangu akapita kwenye tundu la michongoma na nguo yake mpya, akanifuata, mkononi ana kitu amekifunga kwa kitambaa.

"Nimekuwekea nusu."

"Sitaki."

"Wacha maringo, wewe. Tangu tukiwa wadogo unaitamaninga hii kitu. Kula."

Nikamwuliza swali lililokuwa limenikaba tangu majibu yatoke. "Kwa ile fomu uliandika nini?"

Alicheka kwa aibu. "Niliandika jikoni ya kukhu." Jikoni ya nyanya yetu ni ya nyasi na inaegemea mgomba. "Si nimewahi kulala pale? Na baba nikaandika ni kibarua wa msituni."

"Kwa nini?"

"Nilikuona umeweka ekari nane! Nikajua kwa utajiri siwezi kukushinda. Nikasema basi, wacha nikushinde kwa umaskini."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na sababu zote, nimezipanga kwa mstari. Lakini kicheko kilinitangulia, na yeye naye akacheka, tukashikana tusianguke motoni. Miaka kumi na tisa tumeshindana kila kitu, na siku moja tu niliyoshinda mimi ndiyo ilinigharimu chuo. Nikaitia nusu ya firigisi mdomoni. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, na mama mdogo alikuwa ameizidisha chumvi.

"Hii ndiyo wanatunyimanga?" nikauliza.

"Ndiyo hii." Akajipangusa vidole. "Mwaka ujao kuja. Lakini utaniamkia. Mimi nitakuwa mbele yako."

"Sikuamkii hata ukiwa profesa."

Akaenda. Nami nikabaki na kitanda changu na kila kitu nilichokuwa nimekipigania kwa vidole viwili.

Nilidhani akiwa mbali wivu utapungua. Akanipigia simu wiki ya nne. "Sista, hii programu inakataa. Nimeiandika vile mwalimu alisema, inakataa tu." Akanisomea mstari baada ya mstari, mimi nimechuchumaa shambani nikiifuata kwa kijiti mchangani, hadi nikamwonyesha mahali alipofungua mabano na kusahau kuyafunga. Ikakubali. Akapiga kelele za furaha hadi nikaitoa simu sikioni. Akapata alama nzuri. Akanipigia tena, na tena. Kila tukimaliza wivu ulikuwa ukipanda, maana alama zilikuwa zake na mchanga ulikuwa wangu.

Mama akanitazama siku moja nikifuta mchanga kwa mguu. "Kwa hivyo unamfundishanga bure, na mwisho wa mwaka yeye ndiye wa kuchinjiwa?"

Maneno hayo yalinikaa. Nikapima upya, safari hii bila kuweka vidole. Deni lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa na kiasi. Limeandikwa, lina tarakimu, siku moja mtu humaliza. Wivu wangu haukuwa na kiasi. Ningekaa nyumbani miaka arobaini nikiulipa, na ungebaki vile vile. Nikamwambia baba kwamba nitaomba nafasi upya, kozi ile ile, na kwamba fomu ya mkopo safari hii nitaandika kweli tupu. Wakinipa deni kubwa nalo, nitaenda nalo.

Baba alikuwa anaziba tairi. Aliendelea kuziba.

Asubuhi ya kwenda mjini nilimkuta nje amevaa koti lake la mazishi. Tukasafiri pamoja hadi tukakaribia saiba.

"Jana nilipita kwa chifu," akasema, akitazama mbele.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Ekari moja, ya kukodi."

"Akasema nini?"

"Alicheka, mama." Baba huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mamake. "Kumbe yake ni nusu."

Akatoa mfukoni barua yenye muhuri, imekunjwa mara moja tu. Tukaingia. Mwenye saiba akanitambua, akamvutia mfanyabiashara kiti. Baba akakaa kando yangu, magoti pamoja, akaanza kunisomea mali yake kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

"Nyumba, andika ya udongo."

"Ina simiti, baba."

"Inabanduka. Andika udongo. Ng'ombe, hakuna."

"Si kuna mmoja?"

"Ni wa kukhu yako. Usianze tena."

Tukafika kwenye shamba. Kwenye kompyuta ya pili alikuwa amekaa msichana mwingine na fomu ile ile, viatu vyake vipya. Nikahisi shingo yangu inaanza kugeuka yenyewe. Kabla sijaizuia nikaona baba ameshanyoosha yake, miwani imeteremka puani, anachungulia skrini ya wenyewe.

"Huyu ameandika tatu," akaninong'oneza.

"Baba, tazama yetu."

Akarudi taratibu. Akavuta koti lake, akakohoa, akaitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Andika moja," akasema.

Nikaandika moja.